Mwaka wa Pedali ya Kushoto

Papa Lifoko fundi alikufa mwezi uliopita, na kabla hata hajafikishwa kaburini watu wawili walikuwa wamekwisha kumwibia kazi yake. Nilikuwa kwenye matanga, chini ya turubai la bluu, sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, na pondu ya majani ya muhogo magotini, nyuma ya wazee wawili waliojaza viti vya plastiki mpaka miguu ya viti ikapanuka. Wa kwanza alisema ile gari nyekundu ya mtaa wa Kabondo, ile ya milango miwili, ilipona kwa sababu Tonton Paluku aliagiza vyuma vipya kutoka Dubai. Wa pili akakataa: hapana, ni mafuta ya baraka, mke wa Paluku aliipaka mafuta siku ya Pentekoste, ikatoka yenyewe mpaka Simi-Simi. Wakabishana kidogo, wakakubaliana kwamba pengine ni vyote viwili, wakaomba samaki tena. Hakuna aliyemtaja marehemu, ambaye ndiye tuliyekuja kumlilia, na ambaye samaki ya kilio chake ndiyo walikuwa wanaimaliza. Mimi pia hakuna aliyenitaja, ila hilo nimezoea. Nina miaka kumi na minane, niko mwaka wa sita wa mekanike, msichana peke yangu darasani, na mguu wangu wa kushoto ni mwembamba kama mpini wa jembe. Watu wakiniona karibu na gari wanafikiri nangoja kubebwa. Basi naandika. Kama lazima mtu aseme uongo juu ya mwaka ule, heri awe mtu aliyekuwepo.

Mguu huo nauitaga Monsieur, yaani Bwana, kwa sababu anapenda kukaa, hapendi kazi, na akiitwa ni lazima aitwe mara tatu. Nilipokuwa na miaka miwili nilipigwa sindano ya kinini matakoni, ikagusa mshipa, homa ikaenda na unyayo ukaenda nayo. Goti linasikia, unyayo hausikii. Mambo mengine ya familia nayaruka. Sisi ni watu wa Kivu wanaouza vitu, tunaulizana bei hata kwenye foleni ya komunyo. Mwaka huo, mwaka wa tano, nilikuwa naishi Kabondo kwa Tonton Paluku, kaka ya mama yangu. Chumba changu kilikuwa kona ya depo, kati ya katoni za sabuni na magunia ya sukari, na mpaka leo nikinusa sabuni ya kufulia nasikia usingizi. Kilikuwa na dirisha dogo lililofungukia jikoni. Waliojenga nyumba ile hawakufikiria siri. Mimi nilifikiria sana, na kitanda nilikisogeza chini ya dirisha wiki ya kwanza.

Gari ilikuwa imeegeshwa uani, chini ya bati, na kuku walitaga nyuma ya viti. Ilipanda mto juu ya barji kutoka Kinshasa, wiki kadhaa kati ya mbuzi na matanki ya mafuta, na Tonton aliinunua kwa sababu moja tu: alipokuwa kijana aliiona kwenye kalenda. Gari ya mbio, katika mji ambao shimo la barabarani linafikia umri wa kwenda shule. Ilikuwa chini sana, mbuzi akipita aliitazama machoni. Ugonjwa wake ulikuwa pedali ya kushoto. Sisi tunasema embrayage, watu wa Mombasa wanasema klachi, nami nitasema klachi kwa kuwa ni fupi na mkono wangu ni mvivu. Klachi ile ilivutwa na kamba ya waya, na kamba ya asili ilikatika zamani. Hapa mjini ya namna hiyo haipatikani. Papa Lifoko, fundi wetu, Mulokele, mtu wa mtoni kutoka Yanonge, aliyezeeka akitengeneza mashine za boti, alisokota waya za breki za baiskeli, zile za toleka wanaobeba watu, tatu kwa pamoja kama nywele za msichana. Ilifanya kazi. Halafu ilikatika. Akasokota nne. Kila alipoongeza waya pedali ilizidi ugumu, mpaka kuikanyaga ikawa kama kusukuma ukuta wa kanisa. Jumamosi moja ikakatika kwenye mzunguko wa soko, mchana, Tonton akiwa usukani, mbele ya watu wote wanaomheshimu. Vijana wa toleka wakaisukuma mpaka nyumbani wakiimba wimbo wa kupokea bibi arusi. Tonton alikuja nyuma kwa miguu, viatu vinang'aa, akala makayabu yake, samaki wa chumvi, bila kusema neno, na mfanyabiashara akinyamaza mezani ujue kuna kitu kinakufa.

Jumatatu alikuja mtu tuliyemwita Papa Sufuria. Kazi yake ni kuyeyusha aluminiamu na kumimina sufuria. Alifungua boneti, akagonga injini kwa pete ya kidole, akasikiliza kama mtu anayechagua nanasi. "Iko muzuri," akasema. "Hapa sufuria mingi inatoka." Jioni hiyo, chini ya dirisha langu, nikasikia mengine. Tonton alikuwa anamwambia Tantine Kavira, mke wake, kwamba gari itakwenda kwa Papa Sufuria, na kwamba maadamu ameanza kutupa vitu, mwaka ujao mimi nitahamishwa niende ushonaji. Tantine alikuwa anamenya ndizi. Nilisikia maganda yakianguka kwenye beseni. Akasema mtoto anapenda vyuma. Tonton akasema hata yeye anapenda ndege na hajawahi kuinunua. Kisha akasema lile ambalo bado linanichoma nikiliandika, na alilisema bila ubaya, kama anayesoma lebo ya katoni: "Mama, mutu ya mekanike anakanyagaka. Mutoto ule haiko na kitu ya kukanyaga."

Nilitoka. Ningeweza kulia; badala yake nilichukua ndizi moja iliyomenywa, nikaitafuna mbichi mbele yao, jambo ambalo lina maumivu yake. Nikamwambia Tonton gari iko sawa, ugonjwa ni ile kamba. Tuiondoe, tuweke klachi ya mafuta, ile ya silinda mbili na bomba, kama kwenye magari ya sasa: unakanyaga, mafuta yanasukuma, hakuna waya wa kukatika na pedali inakuwa laini. Akauliza nani atafanya. Nikasema mimi na Papa Lifoko. Akauliza nani atakanyaga. Hapo mtu mwenye akili angejibu dereva. Mimi nikajibu mimi. Akaanza kutabasamu kama mtu aliyepata bei nzuri. Siku ya Pentekoste, akasema, baada ya misa, gari itoke kwenye mlango wa lupango, ua wetu, kwa nguvu yake yenyewe, ifike Simi-Simi kwenye uwanja wa zamani wa ndege, irudi, na mwenye kuendesha niwe mimi. Ikirudi, itabaki gari na mimi nitabaki mekanike. Isiporudi, Papa Sufuria anangoja, na cherehani pia. Tulikuwa na majuma sita. Mimi na ile gari tulihukumiwa siku moja, jikoni, juu ya beseni la maganda.

Papa Lifoko hakuamini. Huyu ni mtu aliyezaliwa juu ya mto, na mto ulimfundisha kwamba kitu cha majimaji kinabeba mtumbwi, kinazamisha mlevi, basi. "Maji haisukumaka chuma, mama," alinambia, yeye aliniita mama kama wazee wote wa kwao wanavyowaita wasichana. Nilikuwa nimejifunza darasani ile habari ya pistoni ndogo na pistoni kubwa, lakini kumchorea Papa Lifoko ubaoni ni kumtukana. Nikaenda kwenye dispanseri, nikaomba sindano mbili bila miiba, ndogo na kubwa, na kipande cha mpira wa serumu, ule wa dripu. Nesi aliuliza ni za nini. Nikamjibu kwamba dispanseri ina deni na mguu wangu. Alinipa haraka. Nikazijaza maji, nikaziunganisha, nikampa Papa Lifoko ile kubwa na kumwambia aizuie kwa dole gumba lake, dole lililofungua bolti za boti miaka arobaini. Mimi nikasukuma ile ndogo kwa kidole kimoja. Dole lake likainuka. Akakaza, likainuka tena. Akabadilisha mkono. Akaitazama sindano, akautazama mguu wangu, sikujua anafikiri nini, na kwa mara ya kwanza sikutaka kufanya mzaha. Kisha akasema tuanze, na tusimwonyeshe mtu hiyo sindano kwa sababu watasema ni uchawi.

Silinda zote mbili tulizitoa kwenye kamioneti iliyooza nyuma ya karakana moja, pamoja na kikopo chake cha mafuta. Raba za ndani tulibahatisha mpya sokoni. Ile silinda ndogo ya juu ilikaa vizuri mbele ya pedali. Ya chini ndiyo ilitudhalilisha. Kamba ilikuwa inavuta mkono wa klachi kuja mbele. Sisi tukafunga silinda palepale kamba ilipokuwa, bila kukumbuka kwamba silinda haivuti, inasukuma. Nikakanyaga, ikausukuma mkono kwenda nyuma, upande usiotakiwa, na chuma cha kuishikilia kikajikunja kama ulimi wa mbwa. Papa Lifoko alicheka akiwa chini ya gari mpaka nikaona viatu vyake tu vinatetemeka. Alikuwa fundi pekee niliyemfahamu aliyecheka makosa yake kwa sauti kubwa kuliko ya wengine. Tukahamia upande wa nyuma, akakata chuma kinene cha ubavu wa boti, tukangoja umeme urudi siku mbili, akakichomelea. Wakati huo Tantine alituletea liboke ya samaki, waliochomwa ndani ya majani, pale pale uani, tukala tumekaa chini, mikono myeusi, na mara nyingi alisimama karibu akiangalia tunavyomimina mafuta ya breki kwenye kikopo kutoka chupa ya maji ya kunywa, kwani hapa kila kitu kinauzwa kwenye chupa ya kitu kingine. Aliangalia sana. Nilifikiri ni upendo tu, na ulikuwa upendo, ndiyo maana ulitugharimu.

Kutoa hewa kwenye bomba ni kazi ya watu wawili: mmoja chini anafungua skrubu, mwingine juu anakanyaga pedali. Papa Lifoko alitaka kumwita kijana wa jirani mwenye mguu wa kuchezea mpira. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikafunga mlango, nikafunga na kioo. Akaelewa. Tukaanza. "Kanyaga," alisema kutoka chini. "Kamata. Achilia." Unyayo wa Monsieur hausukumi, kwa hiyo nilijifunza kuweka kisigino na kusukuma kwa goti na paja, kama unavyofunga sanduku lililojaa. Kanyaga. Kamata. Achilia. Mapovu yakatoka, pedali ikaanza kupata mwili. Monsieur alitetemeka, jasho likaingia machoni, na mara mbili niliachilia kabla ya kuambiwa, hewa ikarudi ndani, tukaanza upya. Hakunionea huruma wala hakunikemea. Alisema tu neno linalofuata. Nimesifiwa na walimu, sikumbuki walichosema. Hayo maneno matatu nayakumbuka hata usingizini. Jumatano kabla ya Pentekoste nilikanyaga, pedali ikashuka laini kama godoro, nikaweka gia, gari ikaenda mbele mita tatu na kurudi nyuma mita tatu, kuku mmoja akaruka kutoka nyuma ya kiti na yai likabaki.

Jumapili lupango lilijaa. Watu walitoka misa ya kwanza na kuja moja kwa moja, nguo za kanisa, watoto juu ya ukuta. Papa Sufuria alikuja na mkokoteni, na heshima alikuwa nayo, aliuacha nje ya mlango. Nikaingia, nikawasha, nikakanyaga. Pedali ikashuka. Haikupanda. Ilibaki chini imelala, nami nikaivuta kwa mkono, ikarudi kulala. Injini inanguruma, gia imeingia, gari imesimama kama sanamu. Watoto wakaanza ule wimbo wa bibi arusi. Tonton alipumua kwa pua, akasema, "Bon. Tumeona," na sauti yake haikuwa ya furaha, hilo nampa. Papa Sufuria akavua koti.

Papa Lifoko alifungua kikopo cha mafuta. Akainamisha pua. Akachovya kidole, akanusa tena, akaniita kwa jicho. Nikachungulia. Juu ya mafuta ya breki palikuwa pameelea mafuta mengine, ya manjano, mazuri, yenye marashi. "Mama," akaninong'oneza, "hii inanuka misa." Tukageuka pamoja. Tantine Kavira alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha kikundi chake cha sala kichwani, na uso wake ulikuwa umeshaelewa. Alikuja taratibu kama anayeleta maji ya kunawa. Aliona kikopo hakijajaa mpaka juu, akasema kwa sauti ya chini sana. Alhamisi. Alitia chupa nzima ya mafuta ya baraka, ile aliyoileta kutoka hija, aliyokuwa anaitunza kwa ajili ya kufa kwake. "Nilitaka ufike," akasema. Mafuta kama hayo yanavimbisha raba, nazo zikivimba zinayafungia mafuta yasirudi juu, na klachi inabaki imeachia. Siku tatu zinatosha.

Nilikuwa na ukweli mdomoni na watu wote wa kuusikia. Ningesema neno moja na kosa lingehama kutoka mguuni kwangu mpaka kichwani kwake, na Tonton angemsimanga mbele ya kikundi kizima cha sala. Nitasema wazi: nilitamani. Sikuwa malaika. Lakini nilimtazama, chupa nzima, nikaona kwamba katika lupango lote ni watu wawili tu waliotaka nitoke, na huyu alikuwa mmoja. Nikamuuliza Papa Lifoko kama tukifungua skrubu ya chini mafuta yatoke, klachi itashika. Akasema itashika, na haitaachia tena, utakuwa na gari bila klachi kabisa. Nikasema vizuri, nikazima injini na kutoa gia. Alinitazama. Kisha akaanza kucheka lile cheko la chini ya gari, akalala chini na nguo zake za Jumapili, akafungua skrubu na kutoka.

Nikasimama juu ya kizingiti cha mlango wa gari ili wote wanione. Nikamwambia Tonton kwamba sharti lilikuwa gari itoke kwa nguvu yake na mimi niiendeshe, na kama bado ni mtu wa neno lake, aingie akae. Mfanyabiashara akiulizwa juu ya neno lake hadharani hana pa kwenda; aliingia. Nikaketi kwenye usukani. Nikaweka gia ya kwanza. Nikageuza ufunguo, na staata, bila klachi, ikaivuta gari yote kwa meno yake, ikaruka kama chura, ikaruka tena, injini ikashika, tukapita mlangoni na mkokoteni wa Papa Sufuria ukabaki upande mmoja na mwenyewe upande mwingine.

Gia ya pili niliiingiza kwa kusikiliza: unaachilia gesi, unangoja injini ishuke mpaka ilingane na mwendo, unasukuma kwa vidole viwili. Papa Lifoko alinifundisha hivyo, kwa mdomo, akiigiza sauti ya boti. Mara mbili nilikosea na gia ikalia vibaya mpaka Tonton akashika medali ya shingoni. Sikuweza kusimama, kwani kusimama ilikuwa ni kuzima, kwa hiyo nilipiga honi kutoka Kabondo mpaka Simi-Simi, toleka wakatawanyika na abiria wao, na mimi, kisheria, sikuwa na haki ya kuendesha hata toroli. Monsieur alikaa mahali pake, amestarehe, pedali imelala mbele yake. Mguu ambao walisema hauwezi kukanyaga haukukanyaga. Wala haukuhitajika. Kule kwenye lami ya zamani ya ndege niligeuza mduara mkubwa, na kwa mara ya kwanza gari ilikimbia kidogo, kidogo tu, kama kwenye kalenda. Tonton aliitazama miguu yangu. Akauliza kwa nini pedali imelala. Nikasema raba mbaya, vitu vya sokoni. Akatazama mbele. Ni mtu wa soko, anajua uongo unavyonuka, na naamini alinusa pia yale marashi. "Nirudishe nyumbani, fundi," akasema. Nilirudi. Papa Sufuria aliondoka na feni mbovu.

Baadaye tulisafisha silinda kwa alkoli, tukaweka raba nyingine, na tangu hapo pedali haijalala. Nilipotaka kuandika haya nilimwomba Tantine ruhusa. Alikuwa anamenya ndizi, na hakuinua kichwa. "Andika," akasema. "Lakini andika pia kama gari ilitoka." Nimeandika. Ninyi amueni, mimi niliamua zamani na bado namletea samaki.

Sasa mazishi. Siku ya kumzika Papa Lifoko watoto wake waliomba gari nyekundu itangulie, mbele ya jeneza. Watu wanafikiri mwendo wa kasi ndio mtihani wa klachi. Mtihani ni mazishi. Unakwenda polepole kuliko gia ya kwanza inavyotaka, nyuma ya waimbaji, mbele ya wabebaji, shimo baada ya shimo, na kila hatua pedali inashuka, inangoja, inapanda. Tonton alikaa pembeni yangu, mikono magotini, hakugusa medali. Kanyaga. Kamata. Achilia. Katikati ya njia Monsieur alianza kutetemeka, halafu goti, halafu paja lote, na kulikuwa bado na nusu ya barabara. Mtu mmoja akainama dirishani akasema, kwa wema, apishwe aendeshe. Nikafunga kioo. Kwenye kile cha nyuma niliwaona wale wazee wawili, wa Dubai na wa mafuta ya baraka, wakitembea bega kwa bega nyuma yangu na kula moshi. Nilikanyaga, gari ikasimama kungoja jeneza, nikakamata, na sikuachilia mpaka wabebaji waliponifikia.